Umbo na Maana katika Maombi ya Mafunzo ya Sheria kwa Vitendo: Mfano wa Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Barua ya maombi ni miongoni mwa matini zinazoandikwa kwa wingi katika Kiswahili cha leo, na pia ni miongoni mwa zile ambazo wanaisimu wamezishughulikia kwa uchache. Vitabu vya utungaji humpa mwanafunzi kiunzi chenye anwani mbili, tarehe, kichwa, aya tatu na saini, kisha humwacha hapo. Kwa nini anwani ziwe mbili, kwa nini kichwa kitangulie aya, na kwa nini pambizo ya kushoto iwe pana, ni maswali ambayo kwa kawaida hayajibiwi. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi hujifunza umbo pasipo kujifunza kazi ya umbo hilo.

Makala hii inakusudia kueleza jinsi umbo la nyaraka za maombi linavyobeba maana, kwa kumchukua kama mfano mwombaji wa mafunzo ya sheria kwa vitendo anayetoka wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Sheria imechaguliwa kwa kuwa ni taaluma ambayo umbo la hati laweza kuamua hatima ya shauri. Wilaya hizo nazo zimechaguliwa kwa sababu tatu. Kwanza, wakazi wake wengi wamekulia katika lugha ya Kinyambo, ambayo mfumo wake wa sauti unatofautiana na ule wa Kiswahili katika mambo yanayoonekana wazi kwenye maandishi. Pili, ni wilaya za mpakani: Kyerwa inapakana na Uganda na Rwanda, na Karagwe inapakana na Rwanda. Tatu, wilaya hizi mbili zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe, ikahesabiwa peke yake kwa mara ya kwanza katika Sensa ya mwaka 2012.

Hoja yetu ni hii. Katika nyaraka za maombi, jambo la kwanza si uzuri wa ukurasa, bali ni ulinganifu: kila ukweli unaomhusu mwombaji, yaani jina, tarehe na mahali, hauna budi kusomeka kwa namna moja katika kila karatasi. Pale ambapo hauwezi kusomeka kwa namna moja, tofauti hiyo ielezwe na mwombaji mwenyewe kabla msomaji hajaigundua. Mifano ya barua iliyomo humu imetungwa kwa ajili ya maelezo tu.

2.0 Istilahi: Ni Mafunzo Gani Yanayoombwa?

Kiswahili kina istilahi kadhaa zinazokaribiana katika uwanja huu. Ipo mafunzo kwa vitendo, ambayo ndiyo pana kuliko zote. Ipo mafunzo tarajali, ambayo tumeizoea kutokana na madaktari tarajali na walimu tarajali. Ipo pia uanagenzi, neno lenye asili ya ufundi, ambalo humtaja anayejifunza kazi chini ya fundi wake. Watumiaji wengi huzichanganya istilahi hizi bila ya kuona hasara yoyote. Katika barua ya maombi, hata hivyo, hasara ipo, kwa sababu nyuma ya istilahi hizo kuna hali tatu tofauti za mwombaji.

Hali ya kwanza ni ya mwanafunzi wa shahada au stashahada ya sheria ambaye chuo chake kinamtaka apate mazoezi ya kazi kwa wiki kadhaa. Huyu huja na barua ya utambulisho ya chuo, na mara nyingi huja na fomu ya tathmini itakayojazwa na msimamizi wake. Hali ya pili ni ya mhitimu wa shahada anayesoma katika Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Kwake, kipindi cha vitendo ni sehemu ya masharti ya kufuzu, na ukaguzi wake ni mkali zaidi. Hali ya tatu ni ya mhitimu asiye chini ya chuo chochote, anayetafuta uzoefu huku akisubiri ajira. Huyu hana barua ya utambulisho, na kwa hiyo wasifu wake na wadhamini wake ndio watakaomtambulisha.

Kwa msomaji wa barua, hali hizi si sawa. Ya kwanza inamdai muda wa kusimamia na kujaza fomu. Ya pili inamdai uangalizi wa kitaaluma. Ya tatu inaweza kumdai hata posho. Kichwa kisemacho "YAH: MAOMBI YA NAFASI" hakimwambii chochote kati ya hayo. Kichwa kisemacho "YAH: MAOMBI YA MAFUNZO KWA VITENDO KWA WIKI NANE, MWANAFUNZI WA MWAKA WA TATU WA SHERIA" kinamwezesha kuamua kabla hajaifikia aya ya kwanza. Hapa urefu wa kichwa si kosa la mtindo. Ni taarifa iliyowekwa mahali inapohitajika.

3.0 Waraka wa Kale na Barua Rasmi ya Leo

Uandishi wa barua si jambo geni katika Kiswahili. Barua za Kiswahili zilizohifadhiwa Goa ni za mwanzo wa karne ya 18, na mkusanyo wa C. G. Büttner uliochapishwa mwaka 1892 ulihifadhi nyaraka nyingi za pwani zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu. Waraka wa aina hiyo ulikuwa na umbo lake maalumu: ulianza kwa kumtaja mpokeaji pamoja na sifa zake, ukafuata na salamu, ndipo likaja tamko la kuingilia shauri lenyewe. Heshima ilitangulia haja.

Barua rasmi ya leo ina nasaba nyingine. Imetokana na ofisi za serikali za kikoloni, na umbo lake lilikomazwa na taipureta, jalada na masjala. Anwani ya mwandishi ilikaa juu ili majibu yajue pa kwenda. Kumbukumbu namba iliandikwa ili karani wa masjala ajue jalada la kulitoa. Kichwa cha barua kilipigiwa mstari ili barua ipate mahali pake ndani ya jalada hilo. Pambizo ya kushoto iliachwa pana kwa kuwa karatasi ingetobolewa na kufungwa kwa uzi, na nafasi ya juu iliachwa wazi ili igongwe muhuri wa kupokelewa. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kilichowekwa kuwa pambo.

Tukilielewa hilo, tutaweza kuzipima fomula tunazozirithishana. Chukua sentensi ambayo imekuwa kama bismillahi ya barua za maombi: "Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu." Katika mawasiliano ya ofisi mbili zenye barua za awali, sentensi kama "Rejea barua yako ya tarehe fulani" ilikuwa na kazi, kwani ilimwelekeza msomaji kwenye waraka mwingine. Mwombaji anayeandika kwa mara ya kwanza hana barua ya awali ya kuirejelea. Anachofanya ni kumwelekeza msomaji kwenye maneno aliyokwisha kuyasoma muda mfupi uliopita. Isitoshe, kisarufi sentensi hiyo ni amri, nayo anapewa hakimu au wakili na mtu anayemwomba nafasi.

Fomula ya pili ni "mchapakazi mwenye uwezo wa kufanya kazi bila ya kusimamiwa." Imeazimwa kutoka barua za kuomba ajira, na katika maombi ya mafunzo inapingana na ombi lenyewe, kwa kuwa kiini cha mafunzo ni kusimamiwa. Fomula ya tatu ni "Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka kadhaa." Umri umo katika wasifu na katika cheti cha kuzaliwa. Kuutaja mara ya tatu ni kuongeza mahali pa tatu ambapo hesabu inaweza kutofautiana.

Huenda ikadaiwa kwamba kuziondoa fomula hizi ni kuivua barua adabu ya Kiswahili. Sivyo. Adabu imo katika kumtaja mpokeaji kwa cheo chake sahihi, katika kitenzi "naomba", katika dhamiri tegemezi ya "endapo utaridhia", na katika shukrani ya mwisho. Kinachoondolewa ni maneno yasiyo na kazi.

4.0 Barua ya Maombi kama Hati ya Madai

Mwombaji wa mafunzo ya sheria ana mwongozo ambao waombaji wengine hawana, nao umo katika taaluma anayoisomea. Amri ya Sita ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, inaelekeza kwamba hati za mashauri zieleze kwa ufupi mambo ya msingi tu, pasipo ushahidi wa kuyathibitisha. Zigawanywe katika aya zenye namba inapobidi. Na tarehe, fedha na idadi ziandikwe kwa tarakimu. Ni vigumu kupata muhtasari bora zaidi wa barua nzuri ya maombi. Barua hueleza mambo ya msingi. Wasifu na vyeti ndio ushahidi. Barua inayosimulia historia yote ya masomo imefanya kazi ya wasifu, na wasifu unaojisifu kwa sentensi ndefu umefanya kazi ya barua.

Katika sheria, umbo laweza kuwa na matokeo makubwa. Katika shauri la D. P. Shapriya and Company Limited dhidi ya Bish International B.V. la mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilishikilia kwamba kuonyesha mahali kiapo kilipofanyika ni sharti la lazima la sheria ya viapo, wala si jambo la mtindo. Neno moja la mahali, likikosekana mwishoni mwa ukurasa, laweza kuutia dosari waraka mzima. Ni kweli kwamba Ibara ya 107A ya Katiba inazitaka mahakama zisifungwe kupita kiasi na masharti ya kiufundi, na kwamba marekebisho ya sheria ya mwaka 2018 yaliongeza msisitizo juu ya kutazama kiini cha shauri. Hata hivyo mwanasheria mwenye hekima hautegemei msamaha huo. Huandika tarehe na mahali pale panapotakiwa.

Kwa hiyo wakili anapoipokea barua ya mwombaji isiyo na tarehe, anaona zaidi ya kasoro ya barua. Anamwona mtu ambaye kesho ataandaa kiapo cha mteja. Nyaraka za maombi ni kazi ya kwanza ya kisheria ambayo mwombaji amemwonyesha, na mara nyingi ndiyo pekee anayoweza kumpima nayo.

5.0 Jina, Mahali na Tarehe

5.1 Jina

Katika uainishaji wa Guthrie, Kinyambo kimewekwa katika kundi la E.21, jirani na Kihaya, E.22. Miongoni mwa waliokieleza kwa kina ni J. M. Rugemalira, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ilihusu vitenzi vya Runyambo, kama wenyewe wanavyoiita lugha yao. Jambo linalotuhusu hapa ni kwamba sauti /l/ na /r/ hazitofautishi maana katika lugha hizi kama zinavyofanya katika Kiswahili. Kwa hiyo tahajia ya majina ya watu huyumba: Mulokozi na Murokozi, Rwegasira na Lwegasira, Rutashobya na Lutashobya. Mwenye jina hasikii tofauti yoyote. Mkuu wa shule aliyetoka mkoa mwingine aliandika alichokisikia, na karani wa usajili naye akaandika alichokisikia.

Kwa mwanaisimu, hayo ni maumbo mawili ya jina moja. Kwa masjala, ni watu wawili. Tofauti hii huongezewa uzito na desturi ya majina matatu, ambapo mtu huandikwa kwa jina lake, la baba na la babu, lakini mpangilio na idadi hubadilika kutoka cheti hadi cheti. Mwombaji anaweza kujikuta na cheti cha kuzaliwa chenye majina matatu, cheti cha kidato cha nne chenye mawili, na kitambulisho cha taifa chenye tahajia nyingine.

Dawa yake si kuchagua umbo linalopendeza zaidi. Mwombaji achague umbo lililomo katika cheti chake cha juu cha elimu, alitumie katika barua, wasifu na jina la faili, kisha aambatishe kiapo kinachoeleza kuwa majina yanayotofautiana ni ya mtu mmoja. Pale ambapo jina limebadilishwa kwa hakika, hati iliyosajiliwa ya kubadili jina ndiyo inayohitajika.

Tatizo hilohilo la sauti huingia katika matini yenyewe. "Mahali" na "mahari" ni maneno mawili, na katika mahakama ya mwanzo tofauti yake ni tofauti ya shauri: moja ni eneo, jingine ni madai. "Kula" na "kura" vilevile. Mhakiki wa tahajia wa kompyuta hatoyakamata makosa haya, kwa kuwa maneno yote mawili ni sahihi. Mwombaji aliyekulia katika Kinyambo aisome barua yake mara moja zaidi kwa ajili ya herufi hizi mbili peke yake.

5.2 Mahali

Mtu aliyezaliwa Nkwenda mwaka 2001 alizaliwa katika Wilaya ya Karagwe. Leo Nkwenda imo katika Wilaya ya Kyerwa. Cheti chake cha kuzaliwa kikitaja Karagwe na barua yake ikitaja Kyerwa, hakuna uongo katika karatasi yoyote kati ya hizo mbili, lakini msomaji wa Dodoma au Dar es Salaam hana sababu ya kulijua hilo. Si jambo dogo kwa idadi ya watu linaowagusa: Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu watu 321,026 katika Kyerwa na 332,020 katika Karagwe. Kila aliyezaliwa upande wa Kyerwa kabla ya mgawanyo huo yumo katika hali hii. Nyaraka za wazazi zaweza kuwa na tofauti ya tatu, kwani mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979.

Katika wilaya za mpakani, tofauti ya mahali husomwa kwa jicho kali kuliko kwingine. Mwaka 2013 Serikali iliendesha Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji wasio na vibali katika mikoa ya Kagera, Kigoma na Geita, na tangu zamani suala la uraia limekuwa nyeti katika ukanda huu. Mwombaji ambaye karatasi zake zinataja wilaya mbili anaweza kutiliwa shaka ambayo mwenzake wa mkoa wa ndani hatatiliwa. Mstari mmoja katika wasifu unatosha kuiondoa shaka hiyo: "Mahali pa kuzaliwa: Nkwenda, Wilaya ya Karagwe (sasa Wilaya ya Kyerwa), Mkoa wa Kagera."

Tahajia ya mahali nayo iangaliwe. Mfuatano wa "ky" si wa kawaida katika Kiswahili, na /l/ na /r/ huingiliana hapa pia. Ndiyo maana huweza kuonekana "Kyelwa" au "Omulushaka". Mwombaji afuate tahajia ya hati za halmashauri: Kyerwa, Omurushaka.

5.3 Tarehe

Tarehe iliyoandikwa 03/04/2001 inaweza kusomwa kuwa ya Aprili au ya Machi, kutegemea mazoea ya msomaji. Kompyuta nyingi zimepangwa kwa utaratibu wa Marekani, na huzigeuza tarehe bila ya mwandishi kutambua. Kuandika "3 Aprili 2001" kunalimaliza suala hilo. Tarehe ya barua nayo iwe ni ya siku ilipotiwa saini, isiwe ya siku ilipoanza kuandikwa.

6.0 Mpangilio wa Barua, Wasifu na Viambatisho

Anwani ya mpokeaji ndiyo kipimo cha kwanza cha ujuzi wa mwombaji juu ya taasisi za sheria. Maombi ya kufanyia mafunzo katika Mahakama ya Wilaya huelekezwa kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi. Yale ya Mahakama Kuu, Bukoba, kwa Naibu Msajili. Kitengo cha sheria cha halmashauri hakina anwani yake peke yake: barua huenda kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya, na kitengo kinachokusudiwa hutajwa katika kichwa. Kwa wakili binafsi, barua hutaja jina la ofisi kama lilivyoandikwa kwenye kibao chake. Zipo pia asasi za msaada wa kisheria zinazotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambazo huwafaa waombaji wasiotaka kwenda mbali na kwao.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Tazama mfano huu wa aya mbili za mwanzo:

"Naomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo katika ofisi yako kwa wiki nane, kuanzia tarehe 14 Julai hadi tarehe 5 Septemba 2025. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa Shahada ya Sheria, na barua ya utambulisho ya chuo imeambatishwa (Kiambatisho 1).

Nimesoma sheria ya ardhi na mwenendo wa mashauri ya madai, na ningependa kujifunza uandaaji wa hati za mashauri ya ardhi. Nazungumza Kinyambo na Kiswahili kwa ufasaha, na niko tayari kusaidia katika kuwapokea wateja."

Sentensi ya kwanza imebeba ombi, muda na tarehe. Kila dai lina kiambatisho chenye namba, kama vielelezo vya shauri. Kinyambo kimetajwa kama ujuzi wa kazi, na kwa haki, kwani mteja wa Kaisho au Nyaishozi anayeeleza mpaka wa shamba la migomba na kahawa huweza kuueleza vizuri zaidi kwa lugha yake ya kwanza. Waombaji wengi wa huku huiacha lugha yao nje ya wasifu kana kwamba ni aibu. Wanaacha nje sifa ambayo washindani wao wengi kutoka mijini hawana.

Wasifu upangwe kwa vichwa vifupi: taarifa binafsi, elimu, uzoefu, lugha, wadhamini. Elimu ianzie ya karibuni. Kabila, dini na majina ya wazazi hayana kazi katika wasifu wa namna hii na yaachwe. Kiwango cha kila lugha kitajwe kwa kitendo: kuzungumza, kusoma, kuandika.

Kuhusu viambatisho, matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma yameweka desturi ambayo ofisi nyingi huifuata hata kwa mafunzo: barua iwe imetiwa saini, wadhamini wawe watatu, na nakala za vyeti ziwe zimethibitishwa na mwanasheria, hati za matokeo ya muda hazipokelewi badala ya vyeti. Mwombaji athibitishe nakala hizo kwa wakili mmoja na kwa siku moja, ili mihuri isipishane. Namba za viambatisho zifuate mpangilio wa kutajwa kwake katika barua.

Hatimaye ni suala la chombo. Mwombaji asiye na kompyuta huandaa nyaraka zake katika duka la steshenari, kwa mfano pale Kayanga au Omurushaka, na huweza kupewa barua ya mtu mwingine aijaze. Hatari yake ni mabaki: anwani ya taasisi nyingine, jinsia isiyo yake, au mwaka uliopita. Ni salama zaidi kuanza na ukurasa mtupu. Barua inayotumwa kwa barua pepe itumwe katika faili ambalo mpangilio wake haubadiliki likifunguliwa kwenye mashine nyingine, na faili lipewe jina la mwombaji na aina ya waraka. Faili liitwalo "barua mpya 2" litapotea katika masjala ya kielektroniki kama karatasi isiyo na kumbukumbu namba ilivyopotea katika ile ya zamani.

7.0 Kiswahili au Kiingereza?

Kwa muda mrefu swali hili halikuulizwa. Mahakama za mwanzo ziliendesha shughuli zao kwa Kiswahili, lakini kumbukumbu na hukumu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mwombaji aliona ni busara kuandika kwa lugha ya hukumu. Sheria ya Marekebisho ya Sheria Mbalimbali Na. 1 ya mwaka 2021 ilibadili msingi huo kwa kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, huku kanuni za mwaka 2022 zikieleza mazingira ambamo Kiingereza kinaweza kutumika.

Kwa mujibu wa hali hii, Kiswahili ni chaguo halali na lenye faida, kwa kuwa ofisi sasa zinahitaji watu wanaoweza kuandaa hati kwa Kiswahili sanifu, ilhali vitabu vingi vya mafunzo ya sheria bado ni vya Kiingereza. Sharti ni moja: lugha iliyochaguliwa itumike katika barua na wasifu kwa pamoja. Pale ambapo tangazo limetaja lugha, lifuatwe. Majina ya masomo yaliyomo katika cheti cha Kiingereza yatafsiriwe kwa istilahi ileile kila yanapotajwa. "Sheria ya madhara" katika barua isigeuke "sheria ya daawa" katika wasifu.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba umbo la nyaraka za maombi ni mfumo wa maana, na kwamba kila sehemu yake ina kazi iliyotokana na historia ya ofisi na masjala. Kwa mwombaji wa sheria, mfumo huu unalandana na ule wa hati za mashauri. Kwa mwombaji wa Karagwe na Kyerwa, unabeba mzigo wa ziada wa sauti za lugha yake ya kwanza, wa mpaka, na wa mgawanyo wa wilaya, mambo ambayo yeye hakuyachagua lakini ambayo hupimwa nayo.

Tunapendekeza mambo mawili. Kwanza, idara za Kiswahili ziifundishe barua rasmi kama aina ya matini yenye historia na uamilifu wake, badala ya kuiacha iwe zoezi la kujaza kiunzi. Pili, idara hizo zishirikiane na vitivo vya sheria katika kuandaa mwongozo wa uandishi wa nyaraka kwa Kiswahili, utakaozingatia tofauti za lugha za jamii katika tahajia ya majina ya watu na mahali. Utafiti wa kulinganisha maumbo ya majina katika vyeti vya wanafunzi wa ukanda wa Ziwa Viktoria ungefaa kuwa tasnifu ya uzamili. Hadi hapo utakapofanyika, mwombaji aweke vyeti vyake vyote juu ya meza moja, avisome jina kwa jina na tarehe kwa tarehe, na aandike barua yake baada ya hapo.